Ukitaka kuandika vita, anza na aliyelipa mishahara

Wiki iliyopita nimeandikiwa na mwanafunzi wa uzamili ambaye msimamizi wake amemtaka achague tawi moja: historia ya siasa, ya kijeshi au ya uchumi. Ameambiwa akichanganya atapotea. Ananiuliza achague lipi. Ujumbe wake ulinitonesha kidonda, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi, tena mbele ya watu. Basi namjibu hapa hadharani, maana najua wengi mnaonisoma mnatafuta ninachotafuta mimi: makala yenye jina lako katika jarida linaloheshimika, na hoja ambayo wenzako hawawezi kuikwepa.

Jibu langu, mdogo wangu, ni kwamba usichague.

Mimi niliingia katika fani hii kwa kupenda vita: ramani, mizingiro, majemadari. Tasnifu yangu ilihusu jeshi la Hispania kule Flanders (eneo la Ubelgiji na Uholanzi za leo, ambako baadhi ya majimbo yalimwasi mfalme) enzi za Mfalme Philip II wa Hispania, karne ya 16, na kiini chake kilikuwa tarehe 4 Novemba 1576. Siku hiyo askari wa mfalme waliuvamia mji wa Antwerp, mji wa mfalme huyo huyo, wakaupora kwa siku kadhaa na kuua maelfu ya wakazi. Vitabu vingi vya zamani vinasimulia tukio hilo kama ukatili wa watu waliokosa nidhamu. Ukatili ulikuwepo, sibishi. Lakini nilipoanza kufuatilia maisha ya wale askari mwaka mzima kabla ya Novemba, nidhamu ndiyo iliyonishangaza. Waliokuwa wameasi walikuwa na kiongozi waliyemchagua wenyewe, aliyeitwa electo. Walikuwa na baraza, kanuni na adhabu. Na dai lao kuu lilikuwa malimbikizo ya mishahara. Mwanahistoria Geoffrey Parker alikwisha kuonyesha zamani kwamba maasi ya jeshi lile yalifanana sana na migomo ya wafanyakazi.

Sasa kwa nini hawakulipwa? Hapa ndipo wengi hufunga daftari na kuandika tu kwamba "hazina ilikuwa tupu". Usifunge daftari. Tarehe 1 Septemba 1575 mfalme alisimamisha malipo kwa wakopeshaji wake, ambao wengi walikuwa wenye benki wa Genoa, Italia. Watu hao ndio waliokuwa na mtandao wa kuhamisha fedha kutoka Castile, kiini cha ufalme wa Hispania, hadi Flanders kwa hati za malipo. Walipozuiliwa chao, nao wakauzuia mtandao. Machi 1576 Requesens, gavana wa mfalme kule Flanders, alifariki, na jeshi likabaki bila mkuu na bila fedha. Kiangazi, mara baada ya Zierikzee, mji wa waasi, kusalimu amri, askari waliouteka waligeuka na kuasi. Novemba ikaja Antwerp. Siku nne baadaye, tarehe 8, majimbo yaliyomwasi mfalme, pamoja na yale yaliyobaki upande wake, yalitia saini mapatano katika mji wa Ghent ili kuwaondoa askari hao kwa pamoja.

Amri ya fedha, uasi wa jeshi, muungano wa kisiasa: yote ndani ya miezi 14. Niambie kisu utakipitisha wapi ili upate matawi matatu.

Nilipowasilisha hoja hii kwenye semina, mtu mmoja mwenye cheo alisema ninachofanya ni uhasibu, na ukumbi ukacheka. Nimeyabeba maneno yale miaka mingi. Siyataji ili kulipiza, nayataja kwa sababu najua kuna kijana anayesoma hapa ambaye naye amechekwa.

Mwaka 2014 wanahistoria wa uchumi Mauricio Drelichman na Hans-Joachim Voth walitoa utafiti wao kuhusu madeni ya Philip II. Walikuwa wamepitia mikataba ya mikopo zaidi ya 400 kutoka hifadhi ya nyaraka ya Simancas, Hispania, mmoja baada ya mwingine, wakakokotoa kila mkopeshaji alipata nini. Picha ya mfalme mfilisi na wenye benki wajinga ikabomoka. Familia nyingi za wakopeshaji zilipata faida, hata baada ya kuhesabu hasara za kusimamishiwa malipo. Mwaka huo huo Carlos Álvarez-Nogal na Christophe Chamley walichapisha maelezo tofauti kuhusu mgogoro wa 1575. Kwao mzizi ni siasa: mfalme na baraza la Cortes, lililowakilisha miji 18 ya Castile, walikuwa wakivutana juu ya kiwango cha kodi kilichodhamini deni la muda mrefu. Nilizisoma kazi hizo mbili kwa pamoja, na hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimepotea. Mwaka huu makala yangu kuhusu malimbikizo ya mishahara imekubaliwa, na mpitiaji mmoja ameandika kwamba jedwali langu la malipo ndilo moyo wa kazi. Nimeisoma sentensi ile mara nyingi. Sioni haya kusema.

Kwa hiyo nawasihi: fuateni fedha. Ukipata kitabu kipya cha historia ya vita, anza na majedwali na tanbihi kabla ya utangulizi. Mwandishi akisema serikali "ilikusanya" fedha, uliza ilikusanya kwa nani, na huyo alikubali kwa nini. Kisha mtafute aliyempinga. Mwaka 1989 Douglass North na Barry Weingast walidai kwamba mapinduzi ya Uingereza ya 1688 yalimfunga mfalme mikono, wakopeshaji wakamwamini, na nchi ikaweza kugharimia vita. Hoja tamu, na imefundishwa kila mahali. Mwaka 2006 Nathan Sussman na Yishay Yafeh walipozitazama riba zenyewe, walikuta zilibaki juu na kuyumba kwa miongo kadhaa baada ya 1688, vita vikiwa sababu mojawapo. Anayesoma hoja ya kwanza peke yake anafundisha imani, na nchi zetu zina wasomi wa kutosha wanaofundisha imani. Jifunzeni hesabu, ndugu zangu. Jifunzeni riba. Fuateni fedha, hata wakiwacheka.

Nikurudie wewe uliyeniandikia. Msimamizi wako mpelekee tukio moja na mwaka mmoja, na orodha ya nyaraka unazoweza kuzifikia. Ni vigumu kumkatalia mwanafunzi mwenye orodha. Umeuliza pia kama lazima ujue Kihispania. Kwa karne ya 16, ndiyo, na kinachotesa zaidi ni mwandiko wa makarani, ambao hata Wahispania wa leo hufundishwa kuusoma. Hifadhi za serikali ya Hispania zina tovuti iitwayo PARES, na baadhi ya nyaraka zake zimepigwa picha, unaziona bila malipo. Anza na barua fupi yenye tarehe na kiasi cha fedha, uzoee polepole karani anavyochora herufi zake.