Maswali ya Wasomaji: Chunusi za mdomoni

SWALI: Habari za kazi. Juu ya mdomo wangu wa juu hutoka chunusi zenye usaha, moja ikipona nyingine inaanza. Nimepaka dawa ya meno na ndimu, sasa pamebabuka na kuwa peusi. Naomba msaada, nitumie nini nyumbani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana. Vyote viwili viache leo. Dawa ya meno hukausha kichwa cha chunusi, ndiyo maana inasifiwa, lakini inaunguza ngozi ya pembeni. Ndimu ni mbaya zaidi: maji yake yakibaki usoni kisha ukapigwa na jua, ngozi huungua na kuacha baka linalokaa wiki nyingi, hata miezi.

Osha uso asubuhi na jioni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, bila kusugua. Kisha chukua kitambaa safi cha pamba, kichovye kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia (yajaribu kwanza kwa upande wa ndani wa mkono), kikamue na ukande chunusi kwa dakika 10 hadi 15. Kikipoa, chovya tena. Fanya hivyo mara 3 kwa siku, na kitambaa kifuliwe kabla ya kutumika tena. Joto hulegeza usaha ukatoka wenyewe.

Usiku, ngozi ikishakauka kabisa, paka jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5, utando mwembamba tu. Dukani wakiwa na ya asilimia 5 peke yake, anza kwa kuruka usiku mmoja mmoja. Kabla ya kuipaka, pitisha mafuta ya mgando kwenye ukingo wa mdomo, kwa sababu jeli ikifika kwenye mdomo wenyewe utapasuka. Tandika foronya nyeupe pia, maana dawa hii huchubua rangi ya nguo. Wiki ya kwanza ngozi hukauka na kuchomachoma kidogo, na hapo ndipo wengi huitupa. Punguza kiasi, usiache: matokeo huonekana baada ya wiki 4 hadi 8. Ila uso ukivimba au kutoka malengelenge, ioshe na usiirudie.

Na tafadhali usiziminye. Mishipa ya damu ya mdomo wa juu na pua huungana na ile iliyo ndani ya fuvu, nyuma ya macho, na vijidudu vinaweza kupanda huko. Hutokea mara chache, lakini kunaweza kuua. Uvimbe ukisambaa kuelekea jichoni, au ukapata homa na maumivu makali ya kichwa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Nina vipele vidogo vingi vinavyouzunguka mdomo na vinawasha. Tyubu niliyouziwa duka la dawa huvituliza siku mbili tatu, nikiiacha vinarudi vingi zaidi. Nibadilishe dawa gani?
Mama wa watoto wawili, Mombasa

JIBU: Mama, soma maandishi madogo kwenye tyubu hiyo. Ukikuta betamethasoni, klobetasoli au mometasoni, hiyo ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, na huenda ndiyo inayovilea vipele vyako. Mikorogo mingi ya kung'arisha uso nayo huwa nayo. Simama kwenye mwanga ujitazame kiooni: kama kati ya vipele na mdomo kuna ukanda mwembamba wa ngozi safi, dalili hiyo inazidi kuelekeza huko.

Dawa ya kwanza ni kuacha kupaka. Osha kwa maji tu, bila krimu wala poda. Jiandae, kwa sababu vitazidi kabla ya kupungua, na mwenye haraka huirudia tyubu akaanza upya. Kama umeitumia kwa miezi, au ni kali kama klobetasoli, mwone daktari akupunguzie polepole. Anaweza pia kukuandikia metronidazoli ya kupaka au vidonge vya antibayotiki. Kupona huchukua wiki kadhaa.

SWALI: Kila nikiugua homa hunitoka kikundi cha malengelenge ukingoni mwa mdomo. Je, ni chunusi?
Msomaji, Kigoma

JIBU: Hapana, ndugu. Hayo ni malengelenge ya virusi vya hapisi, na benzoili peroksaidi itayachoma bure. Krimu ya asaiklovia ya asilimia 5 hupakwa mara 5 kwa siku kwa siku 5, na inafaa zaidi ukianza pale pale panapoanza kuchomachoma, kabla ya maji kujaa. Nawa mikono kila ukipagusa, usichangie kikombe, na usimbusu mtoto mchanga, kwake virusi hivi vinaweza kuwa hatari kwa maisha. Yakipita siku 10 bila kupona, au yakitokea karibu na jicho, nenda kliniki.

SWALI: Na vidoadoa vyeupe ndani ya mdomo wenyewe, visivyouma, vya miaka yote?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hizo kwa kawaida ni tezi za mafuta, si ugonjwa wala haziambukizi. Usizipake kitu na usiziminye. Hakuna usaha ndani yake.