Mkasi ameshika nani?

Wiki hii mmeuliza: kazi za kutengeneza vitu wanazopewa watoto wadogo shuleni zinawakuzia ubunifu, au ni mzigo tu kwa mzazi? Mimi ni mwalimu wa PP2, mwaka wa pili wa chekechea, huku Likoni, Mombasa, na jibu langu ni kwamba inategemea mkasi ameshika nani.

Muhula uliopita watoto wangu walitaka kutengeneza feri. Wengi huvuka nayo na mama zao wakienda soko la Marikiti. Sikuwapa mfano wa kuiga. Nilileta ndara zilizochakaa, njukuti za mnazi, kamba, vifuniko vya soda na beseni la maji. Vifuniko vikawa magari, kokoto zikawa malori. Feri ilipotiwa majini ikalala upande, malori yote yakaingia baharini. Jibu lilikuwa limenifika mdomoni, nikalimeza.

Wakarudia, ikalala tena. Kuna binti, hajatimiza miaka sita, alichutama pale kimya muda mrefu, kisha akaniuliza: "Ticha, kwani yule wa filimbi yuko wapi?" Kumbe kila anapovuka humwona yule anayepanga magari yakiingia. Akakunja midomo, akapiga mluzi, akaanza kuyaita malori: wewe huku, wewe kule. Feri ikatulia. Somo hilo la mizani nisingeweza kulifundisha ubaoni hata kwa wiki nzima.

Malalamiko ya wazazi nayaelewa. Mtaala wa umilisi, ulioanza kufuatwa kote nchini 2019, unataja ubunifu miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, lakini tukiagiza sanamu ya kufukuza ndege, inaletwa iliyoshonwa vizuri mno, na mtoto hawezi hata kusema tumbo lake limejazwa nini. Mama ameshona saa nne usiku, amechoka. Lawama ni yetu walimu: tunasifu kilicho nadhifu, na mzazi naye hataki mwanawe aaibike.

Kwa hiyo sasa siagizi kitu kitengenezwe nyumbani. Naomba takataka tu: maboksi, vitambaa, vizibo. Kazi inafanyika darasani, mbele yangu, kwa mikono yao. Cha kukatwa kwa kisu nakata mimi, mengine yote wao.

Feri ile bado iko dirishani. Imepinda, kamba zimelegea, na asubuhi hakosi mtoto wa kupitia kuhesabu kama malori yametimia.