Kwa nini rubani huzunguka angani gurudumu linapogoma

Ndugu yangu uliyeuliza kwa nini rubani wa ndege ndogo ambayo gurudumu lake liligoma kujifunga imara mahali pake kwa ajili ya kutua alizunguka angani muda mrefu badala ya kutua upesi, na kama isingekuwa afadhali atue kwenye nyasi, naomba nikujibu kama rubani ambaye jambo hilo limemfika. Muda ule haupotei bure. Ndege yenye gurudumu bovu huruka vizuri. Hatari inaisubiri chini, na mafuta yaliyomo tangini ndiyo muda pekee alionao rubani wa kutafuta dawa kabla ya kuikabili.

Ndege yangu ilikuwa ya injini moja na viti vinne. Niliposhusha wenzo wa magurudumu, taa mbili za kijani za magurudumu makuu, zinazoonyesha kwamba gurudumu limeshuka na kujifunga, ziliwaka, ya mbele ikabaki giza. Niliahirisha kutua, nikapanda juu, kisha nikaanza na mambo madogo: nilichomoa balbu ya mbele nikaipachika mahali pa ile ya kushoto, kwa kuwa balbu iliyoungua hutisha watu bila sababu, na ikawaka vizuri kabisa. Balbu haikuwa na kosa.

Zikafuata sakiti breka, yaani swichi zinazokata umeme zenyewe kukiwa na hitilafu, na hatua hii usiidharau. Tarehe 1 Novemba 2011, Boeing 767 ya shirika la LOT ilitua Warsaw kwa tumbo. Ilikuwa imepoteza mafuta ya haidroliki, yaani yale yanayosukuma mitambo kwa shinikizo, lakini hata mfumo wa dharura wa kushusha magurudumu unaotumia umeme haukufanya kazi, kwa sababu sakiti breka moja ilikuwa imejizima bila kugunduliwa. Watu wote 231 walitoka salama.

Sakiti breka zangu zilikuwa sawa. Katika ndege za aina ile magurudumu hushikiliwa juu kwa shinikizo la haidroliki, kwa hiyo wakati wa dharura unapunguza mwendo, unaliachia shinikizo hilo ili magurudumu yashuke kwa uzito wake, na unauyumbisha mkia kushoto na kulia kwa pedali ili yajifunge. Nilifanya yote hayo. Waongoza ndege walio mnarani waliniambia kwamba mguu wa mbele unaonekana umetoka, lakini aliye chini huona mguu tu, haoni kama umejifunga, na taa haikuwaka.

Kuanzia hapo niliacha kuifikiria ndege, nikawafikiria watu. Wapo marubani wanaozima injini wakiwa bado hewani ili propela isimame isigonge lami, maana ikigonga, injini haina budi kufunguliwa na kukaguliwa, na gharama yake ni kubwa. Napinga jambo hilo kwa nguvu zote. Aliyezima injini amejinyima nafasi ya kupaa tena, na akili yake inakuwa kwenye propela wakati inatakiwa iwe kwenye mwendo.

Nilimwomba abiria wangu akaze mkanda na aufungue mlango kidogo, kwa sababu fremu ikipinda mlango hukwama. Nilitua kwa magurudumu makuu, nikavuta usukani hadi mwisho ili pua ibaki juu, nikakata mafuta na umeme, wala sikugusa breki. Kasi ilipokwisha, pua ilishuka yenyewe, mguu ukajikunja, ukasikika mkwaruzo mrefu wa bati, na harufu ya chuma kilichopata moto ikajaa ndani. Tulitoka kwa miguu yetu, zimamoto wakiwa wameshafika. Baadaye mafundi walikuta springi ya kufunga mguu wa mbele imekatika.

Kuhusu nyasi, wengi huziona laini wakadhani ni salama zaidi. Lami huiacha ndege iteleze hadi isimame, ilhali udongo laini unaweza kuing'ata pua au ncha ya bawa, ndege ikageuka ghafla au kupinduka. Ikiwa kuna njia ndefu ya lami yenye zimamoto, na mafuta yanatosha kuifikia, mimi nitaifuata hiyo.