Kwangu ni kile kifungu cha pili

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: kati ya marekebisho matatu ya Katiba ya Marekani yaliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe, yapi yaliwafaa zaidi watu weusi? Wengi watataja ya 13, yaliyofuta utumwa mwaka 1865, na siwalaumu. Mimi nachagua ya 15, ya mwaka 1870, na hapo pia nachagua kifungu cha pili tu.

Cha kwanza kinakataza raia kunyimwa kura kwa sababu ya rangi au kwa kuwa alikuwa mtumwa. Kizuri, ila hakisemi kwamba kila raia atapiga kura. Wanasiasa wazungu wa Kusini wakauona mwanya, wakatunga sheria zisizotaja rangi hata kidogo. Mississippi ilianza mwaka 1890: ulipe kodi ya kura, kisha usome kipengele cha katiba ya jimbo au ukieleze ukisomewa, na wa kuamua kama umekielewa ni karani mzungu. Louisiana mwaka 1898 ikaja na hila ya babu: masharti ya elimu na mali hayakumhusu mtu ambaye yeye, baba yake au babu yake alikuwa na haki ya kura tarehe 1 Januari 1867. Mweusi gani angempata babu huyo? Wapigakura weusi walioandikishwa huko mwaka 1896 walizidi 130,000. Mwaka 1904 walikuwa 1,300 na ushei.

Kifungu cha pili ni sentensi moja: Bunge linaweza kuyatekeleza marekebisho haya kwa kutunga sheria. Bunge lilikitumia kidogo miaka ya 1870, kisha likakisahau kwa vizazi. Machi 1965 waandamanaji waliodai haki ya kura walipigwa virungu darajani Selma, Alabama, na Agosti Rais Lyndon Johnson akatia saini Sheria ya Haki za Kupiga Kura. Mitihani ya kusoma ikasimamishwa, na majimbo yenye historia mbaya yakatakiwa kuomba kibali Washington kabla ya kugusa kanuni za uchaguzi. Mississippi, weusi walioandikishwa walitoka chini ya asilimia 7 mwaka 1964 hadi karibu asilimia 60 mwaka 1967.

Atakayesema hiyo ni kazi ya Bunge, si ya Katiba, aitazame kesi ya South Carolina ya mwaka 1966. Jimbo lilikwenda Mahakama ya Juu kuipinga sheria hiyo, likabwagwa kwa sentensi hiyohiyo.

Juni 2013 mahakama hiyo, kwa kura tano dhidi ya nne, ilifuta kigezo kilichoonyesha ni majimbo yapi yaombe kibali. Siku hiyohiyo Texas ikatangaza kuanza kutumia sheria yake ya vitambulisho vya wapigakura, iliyokuwa imezuiwa kwa kukosa kibali hicho.

Msomaji wenu, Morogoro