Jibu: Uanze na nini kabla ya masika

Dada, umeuliza ufungashe nini kujiandaa na mafuriko, maana umepanga bondeni, karibu na Mto Msimbazi, Dar es Salaam. Mimi ningeanza na karatasi, si chakula. Vyeti vya kuzaliwa, kitambulisho cha taifa (NIDA), kadi ya kliniki ya mtoto na mkataba wa pango, vyote kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, ndani ya begi la mgongoni linaloning'inia msumarini karibu na mlango. Vipige picha, mtumie ndugu yako. Unga utanunua tena. Cheti kikilowa utazungushwa ofisini hadi uchoke. Kwenye begi hilo ongeza tochi, dawa mnazotumia kila siku na pesa taslimu kidogo, maana mtandao ukikatika simu haitatoa hela.

Maji yakianza kuingia uani, zima swichi kuu ya umeme kabla hayajafika kwenye soketi, ufunge na valvu ya gesi. Yakishakukuta umesimama majini, usiiguse hiyo swichi. Dumu la maji safi liwe na mfuniko, kwani mafuriko huzoa na vyoo vya shimo, ndipo kipindupindu kinapoingia.

La mwisho, na hapa wengi tunakosea: mkubaliane sasa mtahamia kwa nani huko juu. Kwenye mafuriko ya Desemba 2011 kuna waliongoja mpaka wakajikuta juu ya mapaa. TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakitoa tahadhari ya mvua kubwa, watoto walale huko usiku huohuo. Namba ya Zimamoto ni 114.