Taa ya buluu haizimiki

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeendesha Corolla ya zamani miaka mingi, nimezoea mshale wa joto kupanda na kushuka. Sasa nina Vitz isiyo na mshale huo, ina taa ya buluu tu. Asubuhi natoka Uyole inawaka, nafika Mwanjelwa bado inawaka. Taa ni mbovu? Na nikipanda mlima Kitonga, nitajuaje gari likianza kuchemsha? – Mwalimu, Uyole

JIBU: Marahaba, mwalimu. Taa yako naiamini; wasiwasi wangu uko kwenye themostati, ile vali inayoongoza maji ya kupoza injini. Gari likishachemsha mara moja, mafundi wengi huku kwetu huing'oa wakidhani wanalisaidia, na jambo hili linaniuma kila ninapolikuta. Themostati nzima huzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafike digrii 82 hivi. Isipokuwepo, au ikikwama wazi, maji yanapoa tangu unapowasha, na kwa baridi ya Uyole ya Juni na Julai injini haipati joto lake. Kompyuta ikiona ubaridi huo huzidisha petroli, nawe unaumia kila ukipita kituoni. Fundi afungue aangalie, kisha aweke mpya.

Mshale wa Corolla ulifuata moja kwa moja sensa, yaani kifaa kinachopima joto la maji, ndiyo maana ulikuwa unauona ukipanda na mlima. Magari mengi ya baadaye yaliyobaki na mshale, kompyuta huutuliza: maji yawe digrii 85 au 100, unakaa pale pale katikati. Vitz yako haina hata huo. Buluu ni baridi, nyekundu ni hatari, na hapo kati dashibodi iko kimya.

Kwa hiyo kabla hujapanda Kitonga ukirudi kutoka Dar, geuza ufunguo bila kuwasha injini: taa nyekundu iwake kidogo, izime, ujue inafanya kazi. Angalia pia kifuniko cha rejeta. Mwinuko wa Mbeya ni kama mita 1,700, na huku maji ya wazi huchemka kwenye digrii 94 hivi. Kifuniko kinachobana vizuri ndicho kinachoyazuia yasichemke mpaka yapite 110.

Nyekundu ikiwaka njiani, egesha, zima, na usiguse kifuniko mpaka injini ipoe kabisa.

Lakini usiitegemee taa peke yake. Sensa inapima maji. Yakivuja yote inabaki hewani, na inaweza kusoma baridi huku hedi, yaani kichwa cha injini, inaungua. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua boneti uangalie maji kwenye chupa yake.