Re: Wamefundishwa kunawa mikono, mbona hawanawi?
Ndugu, unasema wanakijiji wamepata semina na bado wanatoka chooni bila kunawa. Kabla ya kupanga semina nyingine, tembelea kaya chache uangalie maji na sabuni viko wapi. Mara nyingi sabuni imefichwa ndani, inatunzwa kwa kufulia. Hapo elimu ipo, nyenzo ndizo hazipo. Anzeni na kibuyu chirizi, yaani chombo cha kunawia kinachomwaga maji ukikanyaga kijiti, mlangoni pa choo: dumu dogo, kamba, kijiti cha kukanyagia, na sabuni iliyotobolewa ikaning'inizwa. Kubalianeni mapema nani atajaza maji, maana dumu likikauka watu wanarudia mazoea. Kwenye tathmini, tafadhali, usitegemee orodha ya mahudhurio. Pita bila taarifa uone kama chini ya dumu pamelowa. Na mhudumu wa afya ngazi ya jamii awemo tangu siku ya kupanga, maana mradi ukiisha yeye ndiye anayebaki.